Kipande cha Shingoni na Simu ya Mfukoni

Msomaji wangu kijana, ukisimama Alupe kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, nawe ukaelekeza uso wako upande wa machweo, Uganda haiko mbali nawe. Mpaka haupigi kelele. Waiteso wa upande huu na Waiteso wa upande ule husemezana kwa lugha moja, huoana na kuzikana, na ng'ombe wao hawajui ni malisho gani yaliyowafanya wageni. Lakini iko kazi moja ambayo serikali za pande zote mbili hazijaiacha, nayo ni kazi ya kutaka kujua wewe ni nani, watoka wapi na waenda wapi. Na siku hizi serikali si peke yake katika kazi hiyo. Simu uliyoitia mfukoni asubuhi, kabla hujakifikia kizuizi cha barabara, pengine imekwisha kunasa mnara wa ng'ambo, imekwisha kujitambulisha kwa namba zake, na imekwisha kukuletea salamu za kukukaribisha katika nchi ambayo hujaikanyaga. Nani aliyeituma? Wewe hukuituma.

Swali hilo ndilo litakalotushughulisha katika insha hii. Historia yake ina sura mbili, sura ya karatasi na sura ya kompyuta. Shuleni husomwa mbalimbali, ya kwanza katika kipindi cha historia na ya pili katika kipindi cha mashine, hata mwanafunzi akadhani kwamba hazijuani. Mimi naona ni habari moja, na nitaisimulia hivyo.

Tuanze na mpaka wenyewe. Kabla ya mwaka 1902 nchi hii yote, Busia, Kakamega, Kisumu na kuendelea mashariki, ilihesabiwa kuwa mkoa wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wenyeji hawakuhama hata hatua moja, bali walihamishwa katika vitabu. Aliyelala Uganda aliamka Kenya, naye hakuulizwa. Nakusihi uikumbuke habari hii, kwa maana mambo mengi yafuatayo yanafanana nayo: mtu ametulia nyumbani kwake, kumbe jina lake limekwisha kusafiri.

Ikawa walowezi waliochukua mashamba makubwa ya Kenya wanataka watu wa kuwafanyia kazi, tena kwa ujira mdogo. Mtu aliyechoshwa na bwana mkali aliweza kuondoka usiku akaenda zake, na bwana yule asimjue alikokwenda. Walowezi waliita jambo hilo kosa, nasi tungeliita mtu kuondoka kazini. Ili kulizuia, ilipitishwa mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wenyeji. Vita vya kwanza vya dunia vilichelewesha utekelezaji wake, lakini vita vilipokwisha sheria ilianza kazi kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kwenda mbele ya karani, kutaja jina lake, kabila lake na mkuu wa kwao, kisha kutiwa wino vidoleni na kupiga chapa. Alipewa karatasi iliyokunjwa ndani ya kijaluba cha chuma chenye kamba, akaivaa shingoni. Hicho ndicho kipande. Wakikuyu walikiita kwa jina la kengele ya mbuzi, wala sidhani ya kuwa yupo mwandishi wa historia aliyekieleza kwa ufupi ulio bora kuliko huo.

Tuiangalie karatasi ile kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna fumbo la insha hii yote. Nusu yake ilimweleza mtu: jina, ukoo, alama za vidole. Nusu ya pili ilieleza kazi zake: bwana aliyemwajiri, siku aliyoanza, aina ya kazi, mshahara wake, posho yake, na siku aliyoachishwa, pamoja na sahihi ya bwana yule. Hakuna aliyeweza kuajiriwa kihalali kabla sahihi ya bwana wa kwanza haijatiwa. Bwana akikataa kutia sahihi, mtu amefungwa pasipo jela. Na mshahara ukiwa umeandikwa shilingi kadhaa, bwana wa pili huusoma na kusema, "Mbona wataka zaidi? Mwenzangu alikupa hizi." Tena nakala ya vidole ilikaa Nairobi katika ofisi kuu, ambapo makarani waliweza kumtafuta mtoro kwa kulinganisha chapa.

Basi utaona kwamba kipande kilikuwa mali ya ajabu. Kilining'inia kifuani pa mtu, kikamwelemea, kikamchubua ngozi. Ikiwa amekipoteza yeye ndiye aliyelipa, ikiwa hakukichukua yeye ndiye aliyetozwa faini au kufungwa. Lakini hakuruhusiwa kuandika ndani yake hata neno moja. Wengi hawakuweza hata kukisoma. Kilimhusu yeye, kilibebwa naye, na kilimtumikia mtu mwingine.

Watu hawakunyamaza. Desemba 1921 ulifanyika mkutano mkubwa Lundha katika nchi ya Gem, si mbali sana na Busia yetu, na hapo ndipo kilipopata nguvu chama cha vijana wa Kavirondo, wakiongozwa na walimu na wasomi wa misheni kama Jonathan Okwiri. Miongoni mwa mambo waliyoyadai ni kufutwa kwa kipande. Nairobi nako alikuwapo kijana Harry Thuku, aliyefanya kazi ya kuunganisha simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Naipenda habari hiyo ya kazi yake, kwa kuwa mtu akaaye penye nyaya za simu huyasikia mengi juu ya jinsi watawala wanavyowasema watawaliwa. Thuku alisimama hadharani akapinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawahimiza wanaume waliokuwa wakisitasita. Risasi zikapigwa. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengine walisema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu, na hakuachiliwa hata mwisho wa mwaka 1930.

Kipande hakikuondoka. Mwaka 1947 ndipo ilipopitishwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote bila ubaguzi. Hapo ikazuka kelele kutoka upande ambao haukutarajiwa. Walowezi wa Kizungu, waliokaa karibu miaka 30 wakiona ni sawa kabisa vidole vya Mwafrika kutiwa wino, waligutuka walipoambiwa walete vyao. Walisema ni aibu, ni mambo ya wahalifu. Hatimaye ilikubaliwa kwamba ajuaye kujaza fomu kwa Kiingereza aweza kutoa picha na sahihi badala ya alama za vidole. Sicheki, ijapokuwa nashawishika. Napenda tu uone ya kuwa kila mtu, awe wa rangi gani, huijua faragha siku ile ambayo wino unakaribia kidole chake mwenyewe.

Upande wa Uganda sheria hiyo ya Kenya haikufika. Serikali ya Uganda ilianza kuwaandikisha raia wote kwa vitambulisho vya taifa mwaka 2014. Mwaka uo huo raia wa Kenya, Uganda na Rwanda walianza kuruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho tu, bila pasipoti. Na Februari 2018 kituo kipya cha Busia kikafunguliwa rasmi, ambapo msafiri husimama mahali pamoja badala ya mawili. Kwa mwenye duka na mchuuzi jambo hilo ni neema kubwa. Hapa nataka nisieleweke vibaya: kuandikwa si uovu. Mgonjwa anayetibiwa Alupe, mahali palipojulikana miaka mingi kwa hospitali ya wakoma, alihitaji daftari linaloeleza dawa alizokwisha kunywa. Bila daftari hilo angetibiwa kwa kubahatisha. Lakini mgonjwa yule yule alihitaji daftari lifungwe, maana jina la ugonjwa ule likitangazwa kijijini lilitosha kumvunjia ndoa na kumtenga na sufuria ya nyumbani. Maandishi ni yale yale. Tofauti ni nani aliye na ufunguo.

Sasa twende kwenye sura ya kompyuta.

Miaka ya 1960 kompyuta zilikuwa kubwa kama chumba na ghali kupita kiasi, hata mashine moja ikatumiwa na watu wengi. Katika chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliogawa muda wa mashine moja kati ya watumiaji wengi. Kila mmoja alikuwa na majalada yake ndani, basi ikabidi kila mmoja apewe neno la siri. Mwaka uliofuata mwanafunzi mtafiti Allan Scherr, aliyepewa saa chache tu kwa juma, aliiomba mashine kwa kadi iliyotobolewa imchapishie jalada la maneno yote ya siri, nayo mashine ikamchapishia kwa utiifu. Akawa akitumia saa za wenzake. Utaona kwamba neno la siri lilipozaliwa, wizi wake ulikuja kabla halijaota meno.

Programu kama CTSS ndiyo iitwayo mfumo endeshi. Napenda kuieleza kwa mfano wa bawabu. Kompyuta ni nyumba yenye vyumba: chumba cha picha, chumba cha barua, chumba cha majina ya jamaa, dirisha la kamera, sikio la maikrofoni. Programu nyingine zote, za michezo, za mikopo, za habari, ni wageni. Hakuna mgeni anayeingia chumbani ila kwa kupitia kwa bawabu, na bawabu huyo ndiye mfumo endeshi. Kwa hiyo swali kubwa kuliko yote si kama wageni ni wema au wabaya. Swali ni hili: bawabu anamtii nani? Umenunua nyumba kwa fedha yako, lakini bawabu umemkuta ndani, ameajiriwa na mwingine, na mkataba wake umeandikwa kwa lugha ndefu isiyosomwa na mtu.

Mtu wa kwanza kulipigia swali hilo kelele iliyosikika duniani alikuwa Richard Stallman, naye alianzia katika jambo dogo la karaha. Karibu na mwaka 1980, maabara ya MIT alikofanya kazi ilipata mashine ya kuchapisha iliyokwama karatasi mara kwa mara. Alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu ikikwama. Alipoomba maandishi ya programu kwa mwanachuo mwingine aliyekuwa nayo, alinyimwa, kwa kuwa yule alikuwa ameahidi kuyaficha. Stallman alihesabu kwamba ikiwa mtu haruhusiwi kusoma wala kubadili programu, basi si yeye anayeiendesha, bali programu inamwendesha yeye. Septemba 1983 alitangaza kazi ya kuunda mfumo endeshi huru, GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wake kilichoitwa Linux, na vitu hivyo viwili vikaungana.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Serikali ya Tanzania mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hasara na machafuko katika hesabu za hazina yake. Hiyo nayo ilikuwa njia ya kumkataa bawabu wa kigeni, ingawa kwa kuikataa nyumba nzima. Miaka 30 baadaye njia nyingine ilionekana. Mwaka 2004, kutokana na kazi iliyofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyosema Kiswahili tupu. Haikuhitaji kuomba ruhusa kwa kampuni yoyote, kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi na ruhusa ilikwisha kutolewa kwa wote. Mtu ambaye haelewi anachoulizwa hawezi kusema amekubali; kwa hiyo kuifanya mashine iulize kwa Kiswahili si pambo.

Habari za Windows nitazipitia upesi. Toleo la 10 lilitoka Julai 2015, likawa na desturi ya kupeleka kwa kampuni ya Microsoft taarifa za jinsi mashine inavyotumiwa, na mtumiaji wa kawaida aliweza kuzipunguza lakini hakuweza kuzizima zote. Julai 2016 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda faragha iliitaka kampuni ijirekebishe, na kufikia Juni 2017 kiasi cha taarifa hizo kilikuwa kimepunguzwa karibu nusu. Zingatia neno hilo: kilipunguzwa kwa amri ya dola, si kwa kidole cha mwenye mashine.

Lakini kwetu Busia kompyuta ya mezani si kitu cha kila nyumba. Kompyuta yetu ni simu, na simu nyingi zilizo mikononi mwa vijana wetu huendeshwa na Android, mfumo uliotolewa na kampuni ya Google mwaka 2008. Hapa pana kinaya ambacho sijachoka kukistaajabia. Kiini cha Android ni kile kile cha Linux, kilichoachwa huru ili kila mtu awe bwana wa mashine yake. Juu ya msingi huo huru umejengwa ukuta, na mlangoni pa ukuta ameketi bawabu wa kampuni. Agosti 2018 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walionyesha kuwa mtumiaji aliyezima historia ya mahali alipo bado aliandikwa mahali alipo, kwa sababu kilikuwapo kitufe cha pili asichokijua. Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kwa ajili ya jambo hilo.

Miaka ya kwanza ya Android bawabu aliuliza mara moja tu. Ukitaka programu, ulionyeshwa orodha ya vyumba vyote inavyovitaka. Unakubali vyote au unaikosa programu. Toleo la sita, lililotoka mwaka 2015, ndilo lililoanza kuuliza chumba kwa chumba, wakati mgeni anapotaka kuingia. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Yalikuja wakati mzuri, au tuseme wakati mbaya, kwa kuwa ndipo programu za mikopo zilipokuwa zikienea nchini Kenya kama nzige.

Nitakusimulia jambo lililonifika. Mwalimu mwenzangu, mama mwenye watoto wawili, alikopa kwa simu fedha kidogo za kumlipia mtoto karo. Siku ya kulipa ilimpita. Asubuhi moja simu yangu ililia, na mtu nisiyemjua akaniuliza kama namfahamu Bi fulani, na kama najua kwamba ni mdeni asiyelipa. Kabla ya saa sita mchana walimu wanane walikuwa wamepigiwa, na mzazi mmoja, na shemeji yake aliyeko ng'ambo ya mpaka huko Tororo. Yule mama hakutoka katika chumba cha walimu siku ile hata jua lilipotua. Alinieleza baadaye, hali machozi yakimlengalenga, kwamba programu ilipomwuliza kama inaruhusiwa kusoma majina yaliyo katika simu alibonyeza "kubali", kwa kuwa bila hivyo mkopo haukutolewa.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi, na sina budi kusema kwamba lilinikera kwa sababu mbili. Ya kwanza ni aibu aliyotiwa. Ya pili ni kwamba mimi sikukopa. Jina langu na namba yangu vilitoka katika simu yake vikaenda nisikokujua, na bawabu alimwuliza yeye, hakuniuliza mimi. Mtu anapofungua orodha yake ya majina hafungui chumba chake tu, bali vyumba vya watu mia mbili. Tena kukubali kwake kulikuwaje? Karo inadaiwa, mtoto amerudishwa nyumbani, kitufe ni kimoja. Mwanamume wa mwaka 1920 naye alikitoa kidole chake mwenyewe kwa karani. Hakuna aliyemshika mkono. Alikitoa kwa kuwa bila kipande hakuna kazi, na bila kazi hakuna fedha ya kodi.

Na bwana wa shamba aliyekataa kutia sahihi hakutofautiana sana na mkopeshaji aliyeshika majina ya jamaa zako. Wote wawili walijua kwamba habari ya mtu ni kamba ya kumfungia.

Katika mambo haya ya fedha desturi zetu wenyewe nazo zilitupumbaza. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kwa miaka mingi ilikuwa kawaida kwa wakala kuwa na daftari juu ya meza, na kila mteja akaandika humo jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na kiasi cha fedha, akatia sahihi. Aliyekuja nyuma yako aliweza kuusoma ukurasa mzima akingoja zamu yake. Wanawake wengi walipokea jioni salamu za mapenzi kutoka kwa mtu aliyesimama nyuma yao mchana. Hatukuona ajabu. Tulikuwa tumezoea kuandikwa tangu enzi za babu zetu, na mazoea ni kizibo cha macho.

Sheria ilichelewa kufika, lakini ilifika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya faragha, na kwamba habari za jamaa na mambo yake ya siri zisitakwe bila sababu. Novemba 2019 ikapatikana sheria kamili ya kulinda taarifa za watu, na mwaka uliofuata Immaculate Kassait akaapishwa kuwa kamishna wa kwanza wa kazi hiyo. Uganda ilikuwa imepata sheria yake mapema mwaka huo wa 2019. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa Kenya ilitangaza faini tatu kwa siku moja. Kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kuwatisha wadeni. Klabu moja ya starehe ilitozwa kwa kutangaza picha ya mteja. Na faini kubwa kuliko zote, shilingi 4,550,000, iliiangukia shule, kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Msomaji mwanafunzi, habari hiyo ya mwisho nadhani utaisoma mara mbili.

Serikali yenyewe haikusalimika. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa ili kuanzisha daftari moja kuu la taifa, na katika miezi ya Aprili na Mei 2019 watu walipanga foleni kuandikishwa Huduma Namba. Marekebisho hayo yaliruhusu hata kuchukua vinasaba vya mwili na alama za mahali mtu anapoishi. Chama cha kutetea haki za Wanubi na wenzao walikwenda mahakamani, na Wanubi walikuwa na sababu, kwa kuwa wao wanajua miaka mingi maana ya kunyimwa kitambulisho. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba vinasaba na alama za mahali visichukuliwe, na kwamba daftari lisiendelee mpaka kuwe na taratibu kamili za kuzilinda taarifa. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria, maana hatari zake kwa faragha hazikupimwa kwanza. Ukilinganisha na mwaka 1922, utaona hatua kubwa: waliopinga daftari safari hii walirudi nyumbani wakiwa hai, na karatasi ya hukumu mkononi.

Kesi ya mwisho nitakayoitaja yatugusa sisi wa mpakani kuliko wengine. Kila simu imepigwa namba ya tarakimu 15 kiwandani, iitwayo IMEI, na namba hiyo haibadiliki ukibadilisha laini. Laini ni kama jina la kupanga. Namba hii ni kama alama ya kidole. Mwishoni mwa mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano na mamlaka ya ushuru za Kenya zilitangaza kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 namba hizo sharti zitolewe kwa simu zinazoingizwa au kuundwa nchini, ili ushuru wake ujulikane, na abiria aingiaye aandike ya simu yake katika fomu ya forodha. Sababu iliyotolewa ilikuwa kodi, kama ilivyokuwa kazi zamani za kipande. Taasisi ya Katiba Institute ilipinga mahakamani, ikidai kwamba daftari la namba hizo laweza kutumiwa kumfuatilia mwenye simu popote aendapo. Desemba agizo lilisimamishwa, na Julai 2025 Jaji Chacha Mwita akalitangua.

Ukitaka kuiona namba ya simu yako, bonyeza nyota, alama ya reli, sifuri sita, kisha alama ya reli tena. Zitatokea tarakimu 15, na ikiwa simu yako ina mahali pa laini mbili zitatokea safu mbili. Halafu ingia penye mipangilio, utafute ukurasa wa ruhusa, uangalie ni programu ngapi zinazosoma majina ya jamaa zako. Kwangu nilizikuta saba. Moja ilikuwa ya tochi.